Lita 150 Ukingoni mwa Mto San Juan

Kutoka pale tulipoegesha trela, mto ulikuwa mita 300 chini yetu. Tuliuona vizuri kabisa: maji ya rangi ya udongo, yakipinda na kurudi, yakipinda tena, ndani ya korongo ambalo mapindi yake yamefananishwa na shingo za mabata bukini, na kwa sababu hiyo eneo lote likaitwa Goosenecks. Hapo kusini mwa jimbo la Utah, nchini Marekani, mto San Juan hutembea takriban kilomita 10 ili usogee mbele kilomita mbili na nusu tu. Mtu husimama mahali pamoja akauona mto uleule ukimpitia mara kadhaa, kana kwamba umesahau kitu nyuma. Na pamoja na maji yote hayo, huko juu tuliko hapakuwa na tone la kunywa wala la kutawadhia. Ni hifadhi ya jimbo yenye vyoo vya shimo, meza chache na mahali pa kuegesha. Maji kila mgeni huja nayo.

Yetu tulikuja nayo katika tangi la plastiki lililolazwa chini ya kitanda cha mbele. Lita 150. Tulikuwa watu sita: mama yetu, aliyetoka Tanga kuja kumwona binti yake anayeishi Phoenix, katika jimbo la Arizona, dada huyo na mumewe, watoto wao wawili, wa kiume wa miaka 13 na wa kike wa miaka sita, nami niliyemsindikiza mama. Tulikusudia kukaa siku tatu, na shemeji aliona kwamba lita 150 ni nyingi mno. Nami nilimkubalia. Mama hakusema kitu.

Ndugu msomaji ambaye hujapata kuiona trela ya namna hii, ifikirie kuwa ni chumba kirefu cha bati jepesi juu ya magurudumu, kinachofungwa nyuma ya pikapu. Ndani mna vitanda, jiko la gesi, sinki, choo na bafu dogo ambalo mtu mnene hugeuka humo kwa kujipanga. Chini ya sakafu mna matangi mengine mawili: moja hupokea maji ya sinki na bafu, jingine hupokea ya choo. Wageni wengi huyafikiria maji masafi peke yake, wakasahau kwamba kila lita inayoingia ni lazima itoke, na kwamba tangi la chini likijaa, maji machafu hupanda na kuchungulia bafuni. Huruhusiwi kuyamwaga jangwani. Huchukuliwa hadi kwenye shimo maalumu, huenda ni safari ya saa nzima.

Shemeji ana mpira wa maji mweupe usiotumika kwa jambo lolote isipokuwa kujazia maji ya kunywa. Una mfuko wake, na ncha zake mbili hufungwa pamoja ili mdudu au vumbi lisiingie. Mpira wa kuoshea tangi la choo ni wa rangi nyingine, nao hukaa upande wa pili wa gari. Sheria hiyo ni ya kila mwenye trela, awe Muislamu au asiwe, lakini mama aliposikia alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mambo ya tahara hakuhitaji kufafanuliwa. Kabla ya msimu, tangi lenyewe husafishwa kwa dawa ya klorini isiyo na manukato, robo kikombe kwa kila lita 57 za maji, likajazwa, maji yakapitishwa katika kila bomba mpaka harufu isikike, yakaachwa yakae usiku kucha, kisha yakamwagwa na tangi kusuuzwa hadi harufu iishe.

Trela ina matundu mawili ya kuingizia maji, na hapo ndipo wanaoanza hukosea. Moja huunganishwa na bomba la kambi, na maji huenda moja kwa moja kwenye sinki na bafu kwa nguvu ya bomba lenyewe, bila kupita kwenye tangi. Hapo huwekwa kifaa cha kupunguza msukumo, la sivyo viungo vya mabomba membamba ya ndani hufumuka. Tundu la pili ndilo la tangi. Mpira huingizwa tu, maji yakateremka kwa uzito wake, hewa ikitoka kwa mrija wa pembeni. Mwaka wao wa kwanza, shemeji aliunganisha tundu la kwanza usiku kucha, watu wakaoga na kuosha vyombo kwa raha, asubuhi akafungua mpira na kuondoka akijua amebeba maji. Alikuwa amebeba tangi kavu. Dada husimulia kisa hiki kila apatapo mgeni, na shemeji hutoka nje kuangalia magurudumu.

Tulipoondoka Phoenix alitia lita 30 tu za njiani. Lita moja ya maji ni kilo moja, na barabara ya kwenda Flagstaff hupanda kutoka mita 330 hivi juu ya usawa wa bahari hadi 2,100. Hakuna haja ya kuvuta kilo 150 za maji kuupanda mlima ilhali maji mengine yako mbele. Kutoka Flagstaff tuliingia katika nchi ya Wanavajo, na simu zetu zikaruka saa moja mbele. Arizona haisogezi saa zake wakati wa kiangazi, Wanavajo husogeza, na Utah nayo husogeza. Ilikuwa Oktoba, na karatasi ya nyakati za swala tuliyotoka nayo Phoenix ikawa haina kazi. Mama aliiweka kando akatazama kivuli cha nguzo. Karibu na Monument Valley, kwenye kambi moja ya kulipia, shemeji aliacha bomba litiririke kidogo, akapangusa mdomo wake kwa dawa, akaonja, ndipo akajaza hadi maji yakachuruzika kwenye mrija wa hewa.

Tulifika Goosenecks jua likizama na upepo ukivuma. Palikuwa na shughuli ya Magharibi, palikuwa na watoto wenye njaa, na shemeji aliegesha pale alipopata. Vipande vyake vya mbao vya kuwekea magurudumu ili trela ikae sawa vilibaki ndani ya sanduku. Wakati wa chakula ndimu iliviringika kutoka upande wa kulia wa meza hadi kushoto, ikaanguka. Binti mdogo akacheka, akairudisha, ikaviringika tena.

"Nyumba yenu imelala ubavu," mama alisema.

"Kesho, in shaa Allah, nitaiweka sawa, mama," shemeji alijibu.

Kesho yake tulikwenda ukingoni kutazama mto.

Sasa nieleze habari ya taa, maana zilitudanganya bila ya kusema uongo. Ukutani, karibu na jiko, kuna kibao chenye kitufe. Ukikibonyeza, huwaka taa moja kati ya nne: tupu, thuluthi, thuluthi mbili, kamili. Hicho tu. Kwenye ubavu wa tangi vimepachikwa vijisumari vya chuma kwa vimo mbalimbali. Maji yakikigusa kijisumari, umeme mdogo hupita na taa yake huwaka. Kwa hiyo taa ya thuluthi mbili haikuambii kwamba una thuluthi mbili. Inakuambia kwamba uko mahali fulani kati ya hapo na kujaa. Na taa ya "tupu" huweza kuwaka ilhali zimebaki lita 40. Pia chumvi za maji hujenga utando juu ya vijisumari hivyo, na taa ikaendelea kuwaka hata maji yakishashuka. Mwenye kupanga maisha ya familia kwa taa nne anapanga kwa kubahatisha, ila bahati yenyewe ina rangi nzuri.

Usiku wa siku ya kwanza, baada ya Isha, taa ya thuluthi ilikuwa inawaka. Shemeji alipiga hesabu: angalau lita 50, na hatujamaliza hata nusu ya safari, si vibaya sana. Alfajiri niliamka wa kwanza. Nilifungua bomba, nikanawa viganja, nikasukutua, na pampu ikaanza kukohoa. Kwa kawaida hunguruma kidogo na kunyamaza. Safari hii ilinguruma bila kunyamaza, bomba likatema hewa, tone, hewa, kisha hewa tupu. Nilibonyeza kile kitufe. Thuluthi.

Nje kulikuwa na baridi na giza, na nyota nyingi kuliko nilizopata kuziona Tanga tangu umeme uingie mtaani kwetu. Nilisimama na uso mkavu na mikono iliyoloa, nikisikia kwa mbali chini kabisa, au nikidhani nasikia, maji ya ule mto.

Katika pikapu tulikuwa na madumu mawili ya lita 20 ya maji ya kunywa. Mama alitoka na kopo la plastiki, akalijaza kutoka dumu mojawapo, akaketi kwenye ngazi ya trela, akatawadha juu ya beseni. Alikamilisha viungo vyote mara tatu tatu, bila haraka. Maji yalibaki kwenye kopo. Akampa mjukuu wake.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Kibaba hicho aghalabu hukadiriwa kuwa karibu robo tatu ya lita. Sote tuliijua hadithi hiyo. Kijana wetu wa miaka 13 aliihifadhi madrasa. Lakini kuijua hadithi mbele ya bomba lisilokauka ni jambo moja, na kuijua mbele ya dumu ni jambo jingine.

Baada ya swala tuliketi kupiga hesabu ambayo ilitupasa kuipiga Phoenix. Tulipopima baadaye kwa kopo na saa, bomba la sinki lilitoa takriban lita tano kwa dakika. Mtu akitawadha huku bomba limefunguliwa, kwa dakika moja tu, amekwisha tumia lita tano. Tulikuwa wasafiri, tukikusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha, kwa hiyo udhu ulikuwa mara tatu kwa siku. Watu sita, maana yule mdogo naye hakubali kuachwa nyuma: udhu 18, lita 90 kwa siku. Kwa kopo la mama, udhu 18 ni lita 14 hivi. Hatukuwa tumeoga sana, wala hatukufua. Maji yetu mengi yalikuwa yamekwenda katika ibada, nayo yalikwenda kwa israfu, na hilo lilitukera kuliko kiu.

"Lakini thuluthi inawaka," shemeji alirudia, akiwa amepiga magoti mbele ya kibao.

Mama alimwomba ainue godoro la kitanda cha mbele. Akainama, akagonga tangi kwa kifundo cha kidole upande wa kulia: sauti ya ngoma. Akagonga katikati. Akagonga kushoto, chini, na sauti ikawa nzito, fupi. Alilelewa katika kijiji cha pwani ya Tanga ambako maji yalichotwa kisimani na kuhifadhiwa katika mitungi, na binti wa nyumba alipaswa kujua mtungi una kiasi gani bila kuufunua.

"Maji yako huku," alisema. "Yamekimbilia bondeni."

Hilo ndilo lililokuwa. Magurudumu ya kushoto yalikuwa chini kuliko ya kulia kwa zaidi ya upana wa kiganja. Vijisumari vya taa viko ubavu wa kushoto wa tangi, na bomba la kunyonyea la pampu liko kulia. Maji yaliyobaki yalijikusanya kushoto, yakaloesha kijisumari cha thuluthi, huku pampu ikinyonya hewa upande wa pili. Tulitoa mbao, tukaziweka mbele ya magurudumu ya kushoto, shemeji akasogeza gari taratibu mpaka trela ikapanda. Ndimu ikakaa mezani. Pampu ilinguruma, ikatema hewa kidogo, maji yakaja. Lita 25, kama tulivyokuja kupima. Na taa, baada ya kukaa sawa, ikasema "tupu".

Lita 25 na madumu mawili ya kunywa, kwa watu sita, kwa siku mbili zilizobaki. Wengine wangefunga mizigo. Sisi tulipakia madumu manne matupu, mimi na shemeji, tukaelekea kusini kupita kijiji cha Mexican Hat, hadi kwenye bomba moja ambako watu wa pande zile hujaza maji ya kunywa. Palikuwa na foleni. Mbele yetu alikuwa mzee wa Kinavajo na pikapu kuukuu iliyobeba tangi jeupe la lita 1,000 hivi. Alipoyaona madumu yetu alitupungia mkono.

"Manne tu? Tangulieni."

"Hapana, mzee," shemeji alimjibu. "Sisi tumekuja kutembea. Wewe umekuja kuchota."

Mzee alicheka, akaendelea kujaza. Maji yale yalikuwa ya nyumbani kwake na ya kondoo wake. Sikumwuliza mengi, lakini mambo mengine yanajulikana na wote. Nchi ya Wanavajo ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 70,000, imeenea katika majimbo matatu, na karibu theluthi moja ya nyumba zake hazina maji ya bomba. Ndani yake mna migodi ya urani zaidi ya 500 iliyoachwa, na baadhi ya visima havifai kwa kunywa kwa sababu ya urani na aseniki. Mto San Juan, uleule tuliokuwa tukiupiga picha, ni sehemu ya mpaka wao wa kaskazini. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba mkataba wa mwaka 1868 kati ya serikali na Wanavajo hauilazimishi serikali kuchukua hatua za kuwapatia maji. Sisi tuliishiwa kwa uzembe wa jioni moja. Wako wanaohesabu lita tangu kuzaliwa kwao, na hawajaegesha vibaya.

Tangi la mzee lilipojaa, alifunga bomba, kisha akaunyanyua mpira juu kuanzia kwenye bomba, mkono baada ya mkono, ili maji yaliyobaki ndani yake yote yateremkie kwenye tangi. Labda yalikuwa lita moja. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyofunga mlango.

Siku ile tulizitumia zile lita 25 mpaka pampu ikakohoa tena, safari hii kwa haki. Ndipo tukamimina madumu yetu moja moja kwa faneli, na baada ya kila dumu kijana alimulika tangi kwa tochi kutoka nyuma, uso wa maji ukaonekana kupitia plastiki, naye dada yake akachora mstari kwa kalamu ya wino mzito: 20, 40, 60, 80. Mistari yake haikunyooka, lakini inasema kweli kuliko kile kibao cha ukutani, na mpaka leo ndiyo inayotumika katika trela ile. Mtu mwingine anayetaka kufanya hivyo na afanye nyumbani, trela ikiwa sawa, tangi likiwa tupu, aendelee mpaka lijae.

Kopo la mama lilitundikwa juu ya sinki. Vyombo vilipanguswa kwa karatasi kabla ya kuoshwa. Choo tulitumia kile cha hifadhi, na chupa ya kustanjia mkononi. Kila jioni binti mdogo aliinua godoro kwa msaada wa mjomba wake, akatutangazia mstari, na watu wakanyamaza kumsikiliza kama wasikilizao taarifa ya habari.

Asubuhi ya mwisho shemeji alitaka kumwaga yaliyobaki ili gari liwe jepesi kwa mlima. Mama alimzuia. Karibu nasi walikuwa vijana wawili waliolala katika hema, nao usiku walikuwa wamekuja kuuliza kama pana bomba. Tuliwajazia vyombo vyao vyote. Kabla ya hapo, mama aligonga tangi kwa mara ya mwisho, kulia, katikati, kushoto.

"Thelathini," alisema.

Mjukuu wake alimulika tochi, akasogeza pua hadi kwenye plastiki.

"Ishirini na tano, bibi."

"Gonga na wewe," mama alimwambia, akampisha.